Kura tatu za mfanyakazi wa kiwandani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituo cha Kiluvya kando ya Barabara ya Morogoro huwa kimeshajaa watu. Hapa ndipo Ubungo, Kisarawe na Kibaha zinapopakana, na hapa ndipo njia za wafanyakazi zinapoachana. Wengine wanavuka barabara kupanda gari za kwenda juu: Picha ya Ndege, TAMCO, Visiga, Mlandizi. Wengine wanasubiri za kuteremka mjini, wakashukie Ubungo au Mabibo. Kule Kisarawe mjini nako kuna msafara wake: daladala zinashuka Pugu hadi Gongo la Mboto, kisha abiria wanatawanyika kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere. Mkononi hotipoti, begani kanga ya kujikinga na upepo wa dirishani. Geti la kiwanda likifungwa, limefungwa.

Ndani ya geti hilo kuna jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuelezwa vizuri. Mfanyakazi wa kiwandani Tanzania ana kura tatu za kuamua nani amsemee mbele ya mwajiri, na asemewe namna gani. Ya kwanza haina sanduku wala karatasi ya kutumbukiza, hata wanaoipiga hawaiiti kura. Ya pili ndiyo yenye kelele, wagombea na kuhesabu. Ya tatu hupigwa mara chache sana, na ikipigwa kiwanda kizima hujua.

Pwani imekuwa mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Kwa takriban muongo mmoja mkoa umejitangaza kuwa mkoa wa viwanda. Kibaha, makao makuu yake, inalo eneo la TAMCO lililobeba jina la kiwanda cha kuunganisha magari cha enzi ya mashirika ya umma, na leo linatengeneza hadi viuatilifu vya viluwiluwi vya mbu. Kwala kuna bandari kavu na eneo kubwa la viwanda. Kisarawe imetenga ardhi yake Visegese. Viwanda vikubwa vya nguo vyenyewe viko nje ya mkoa: Urafiki pale Ubungo, washonaji wa nguo za kuuza nje pale Mabibo, Karibu Textile kule Mbagala, 21st Century mjini Morogoro, Sunflag na A to Z Arusha. Lakini sheria ni moja, na ashonaye nguo Mabibo anaweza kuwa anaishi nyumba moja na afungashaye maboksi Kibaha.

Kura ya kwanza: fomu

Marekani, chama kikitaka kuwasemea wafanyakazi wa kiwanda, kwa kawaida hufanyika uchaguzi. Bodi ya serikali inayosimamia mahusiano ya kazi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1935, hupokea maombi yakiwa yameungwa mkono na angalau asilimia 30 ya wafanyakazi. Hupanga siku, huleta masanduku, na kila mmoja hujibu swali moja kwa siri: unataka chama hiki kikuwakilishe, ndiyo au hapana?

Tanzania imechukua njia nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema chama kilichosajiliwa chenye wanachama wengi katika kundi la wafanyakazi wanaojadiliwa pamoja kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi hilo katika majadiliano. Wingi huo hauanzi kwa kuhesabiwa kwenye sanduku. Unahesabiwa kwa fomu.

Fomu yenyewe inajulikana viwandani kwa jina la TUF 6. Ni karatasi ya kawaida kabisa. Mfanyakazi anaandika jina lake, jina la mwajiri na jina la chama, kisha anatia sahihi kumruhusu mwajiri akate ada kwenye mshahara wake na kuipeleka chamani. Kwa vyama vingi ada hiyo ni asilimia 2 ya mshahara. Aliyekuwa kwenye kima cha chini cha viwanda na biashara kilichoanza Januari 2023, Sh 150,000 kwa mwezi, alikatwa Sh 3,000. Mwajiri anatakiwa kuifikisha fedha chamani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Akitaka kujitoa, mfanyakazi anaandika notisi ya mwezi mmoja.

Wengi wanaiona TUF 6 kuwa karatasi ya makato tu. Wengine huijaza bila kuisoma, siku ya kwanza kazini, katikati ya rundo la karatasi za benki na hifadhi ya jamii. Kumbe sahihi ile inafanya kazi mbili kwa mpigo: inafungua mlango wa makato, na inaongeza mtu mmoja kwenye hesabu ya chama.

Hesabu hiyo ndiyo kila kitu. Chukua kiwanda cha kufikirika chenye wafanyakazi 600 wa mashineni wanaojadiliwa kama kundi moja. Chama chenye fomu 300 bado hakijafika. Chenye 301 kimefika. Kikishafika, kinampa mwajiri notisi, naye anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30 ili waandikiane makubaliano ya kukitambua.

Je, mwajiri akigoma? Akisema fomu zimejazwa mara mbili, au nusu ya waliosaini wameshaacha kazi, au kundi limekatwa vibaya, kwa kuchanganya makarani na watu wa mashine? Hapo shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi wanaiita CMA, kwa usuluhishi. Likishindikana linapanda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Na hapo ndipo sanduku linapoweza kuingia Tanzania nalo: sheria inairuhusu mahakama kumteua mtu anayefaa aendeshe kura ya wafanyakazi wanaohusika, ili ijulikane chama kinawakilisha wangapi. Kwa maneno mengine, kile ambacho Marekani ni hatua ya kwanza, kwetu ni dawa ya mgogoro.

Njia ya fomu ina uzuri wake. Hakuna kampeni ya wiki sita ambamo mwajiri anawaita wafanyakazi mmoja mmoja ofisini. Inao ubaya wake pia. Kura ya sanduku ni siri, lakini fomu haiwezi kuwa siri, kwa sababu mwisho wake ni mezani kwa mhasibu wa kiwanda, na kila mwezi jina linajirudia kwenye orodha ya makato. Anayeogopa kuonekana ana sababu ya kusubiri mwenzake aanze.

Walioshinda kura, wakasubiri miaka sita

Asije mtu akadhani sanduku lingemaliza kila kitu. Tarehe 28 Agosti 1974, mjini Roanoke Rapids katika jimbo la North Carolina, wafanyakazi wa viwanda saba vya nguo vya kampuni ya J.P. Stevens walipiga kura. Chama kilipata kura 1,685, waliokikataa walikuwa 1,448. Mwaka mmoja kabla, mfanyakazi mmoja aitwaye Crystal Lee Sutton alikuwa amefukuzwa kazi. Kabla hajatolewa nje alipanda juu ya meza, ameshika kipande cha boksi alichoandika neno moja tu, «chama», na wenzake wakazima mashine zao. Filamu ya Norma Rae ya mwaka 1979 ilitokana na kisa chake.

Sinema huishia kwenye shangwe ya ushindi. Kiwandani haikuwa hivyo. Mkataba wa kwanza kati ya chama na J.P. Stevens ulisainiwa Oktoba 1980, miaka sita baada ya kura, na baada ya kesi nyingi na kampeni ya kuwaomba wanunuzi wasusie mashuka ya kampuni hiyo. Kutambuliwa ni jambo moja. Mkataba ni jambo jingine.

Majirani zetu wamepita mlemle. Kenya, kwa sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007, inataka chama kiwe na wingi wa kawaida wa wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga ndipo mwajiri akitambue. Kabla ya sheria hiyo, Januari 2003, wiki chache tu baada ya Mwai Kibaki kuapishwa, migomo iliibuka kwenye viwanda vya nguo vya maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, Nairobi na Athi River. Moja ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa haki ya kuwa na chama. Mwaka huohuo, Oktoba, mjini Kampala, wasichana wapatao 300 wa kiwanda cha Tri-Star kule Bugolobi walipoteza kazi baada ya kugoma. Kiwanda kile kilikuwa kinashona nguo za kupelekwa Marekani bila ushuru kupitia mpango wa AGOA, na serikali ya Uganda ilikuwa imekibeba mgongoni. Katika visa vyote viwili hoja haikuwa shilingi peke yake. Ilikuwa pia nani ana ruhusa ya kuizungumzia.

Urafiki na miaka ya chama kimoja

Anayepanda gari Kiluvya kuteremka mjini hupita mbele ya jengo linalobeba nusu ya historia hii. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1968. Ndani ya ua mmoja pamba iliingia ikiwa marobota, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, ikatoka kanga na vitenge.

Mfanyakazi wa Urafiki wa mwaka 1968 hakuwa na kura ya kuchagua chama, kwa sababu kulikuwa na chama kimoja tu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa na msisimko wake. Wafanyakazi wa bandari waligoma Dar es Salaam mwaka 1947, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake kabla hajawa waziri mkuu. Mwaka 1962 sheria ya migogoro ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa karibu muhali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 vyama vyote vilifutwa, ikaanzishwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nafasi yake ikachukuliwa na JUWATA, jumuiya ya chama tawala.

Chama kimoja hakikuwanyamazisha watu. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa Februari 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wakaushika kama hati ya mashtaka. Profesa Issa Shivji, katika kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania kilichotoka mwaka 1976, alihesabu migogoro mikubwa 31 kati ya Februari 1971 na Septemba 1973, iliyowahusu wafanyakazi zaidi ya 22,000. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda chenyewe na kuanza kukiendesha. Mengi ya hayo yalitokea nje ya NUTA. Chama ambacho mfanyakazi hakukichagua hakikuwa mahali pake pa kwanza pa kukimbilia.

Mlango ulifunguka taratibu. OTTU iliundwa mwaka 1991 badala ya JUWATA, na mwaka 1995 vikazaliwa vyama vya sekta. Cha viwandani ni TUICO, yaani Chama cha Wafanyakazi wa Viwanda, Biashara, Taasisi za Fedha, Huduma na Ushauri. Ndicho ambacho mfanyakazi wa Kibaha au Kisarawe ana uwezekano mkubwa wa kukikuta getini, ingawa si lazima kiwe peke yake. Sheria ya 2004 inaruhusu wafanyakazi 20 tu kuanzisha chama na kuomba usajili. Kukiwa na vyama viwili kwenye kiwanda kimoja, hesabu ya TUF 6 inageuka kuwa ushindani wa kweli. Walimu wanaujua vizuri ushindani huo, tangu chama chao kipya, CHAKUHAWATA, kilipoanza kuwania wanachama wa kile cha zamani, CWT.

Na kutambuliwa si hati ya kudumu. Chama kikipoteza wingi, mwajiri anakipa notisi ya miezi mitatu kiurudishe. Kikishindwa, kinaondolewa nafasi ya kuwa msemaji pekee.

Kura ya pili: tawi

Chama kikishaingia, inakuja kura yenye kelele. Hii haiulizi chama gani, inauliza nani. Wanachama huchagua wawakilishi wao mahali pa kazi, na sheria imetoa hata idadi. Wanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja. Kuanzia 10 hadi 20, watatu. Kuanzia 21 hadi 100, kumi. Wakizidi 100, kumi na watano, na angalau watano kati yao wawawakilishe wanawake, kama wanawake wapo.

Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee kwenye viwanda vya nguo. Kwenye ukumbi wa kushonea, wanawake huwa wengi kuliko wanaume kwa mbali. Wanaojua kwa nini ruhusa ya kwenda kunyonyesha ni hoja ya kazi ni wale wanaoacha mtoto Maneromango au Kongowe na kurudi nyumbani jua limezama. Sheria inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini msimamizi akitaka idadi ya suruali itimie kabla ya saa kumi, saa mbili hizo zinahitaji mtu wa kuzidai kwa sauti. Mtu huyo ndiye anayepigiwa kura.

Siku ya uchaguzi wa tawi ina sura yake. Tangazo hubandikwa ubaoni, kando ya ratiba ya shifti. Majina ya wagombea huanza kunong'onwa kwenye foleni ya chakula. Kazi ya kwanza ya msimamizi kutoka ofisi ya chama ni kuangalia orodha ya makato ya mwezi uliopita, kwa sababu asiyekatwa si mwanachama, na asiye mwanachama hapigi kura. Ndipo ugomvi wa kwanza huzukia: kuna ambaye amesaini fomu miezi mitatu iliyopita na mhasibu hajaanza kumkata. Kisha shida ya shifti. Wa usiku wanatoka saa kumi na mbili wakiwa na usingizi, wa mchana wanaingia wakiwa na haraka, na mashine haisimami kumngoja mtu. Tawi lenye akili huweka sanduku pale shifti mbili zinapokutana, likalifungua mbele ya wote.

Anayeshinda hapati mshahara wa ziada. Anapata kazi ya ziada: kumsindikiza mwenzake kwenye kikao cha nidhamu, kupeleka malalamiko, kufuatilia usalama, kuangalia kama mwajiri anafuata sheria za kazi, kuongozana na mkaguzi wa kazi anapokuja. Sheria inamtaka mwajiri ampe muda wa kutosha wa kuifanya kazi hiyo bila kumkata. Wenzake wanamsubiri chooni na kwenye kona za stoo kumweleza shida zao, na ofisi inamtazama kwa jicho la pembeni. Si ajabu kwamba kwenye baadhi ya matawi watu hulazimika kubembelezwa wagombee.

Wasioingia kwenye daftari

Katika hesabu zote hizi kuna watu wasioonekana. Ni vibarua, maarufu kama deiwaka: wanaoamkia getini wakiwa hawajui kama leo majina yao yataitwa. Fomu inayoruhusu makato ya mshahara wa mwezi haimkai vizuri mtu anayelipwa kwa siku. Aliyeletwa na kampuni nyingine naye ana utata, maana mwajiri wake kwenye karatasi si yule mwenye mashine.

Jambo hili limechunguzwa Urafiki kwenyewe. Kiwanda kilipogeuzwa ubia katikati ya miaka ya 1990, upande wa China ukiwa na asilimia 51, ajira za kudumu zilianza kupukutika na mikataba mifupi ikachukua nafasi. Mwanasosholojia Ching Kwan Lee, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, aliulinganisha Urafiki na mgodi wa shaba wa Chambishi nchini Zambia, ambao nao ulikuwa chini ya Wachina. Wachimbaji wa Zambia waligoma na wakafanikiwa kurudisha sehemu ya ajira zenye uhakika. Wa Urafiki waligoma pia, lakini hawakufanikiwa hivyo. Bei ya shaba ilikuwa inapanda na serikali ya Zambia ilikuwa na sababu ya kuwasikiliza wachimbaji. Nguo za Tanzania zilikuwa zinapambana na mitumba na vitenge vya kutoka nje, na kila mfanyakazi alijua kuna mwingine getini.

Kuna kingine. Sheria inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, ila kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule. Kwa kiwanda kinachoajiri na kuachisha kila robo mwaka, maana yake ni kwamba sehemu ya watu wake kila wakati wako nje ya kinga. Hao ndio wa mwisho kusaini TUF 6. Wakiwa wengi ndani ya kundi linalojadiliwa, wanaweza kukinyima chama wingi hata kama kila mfanyakazi wa kudumu amejiunga.

Kinachopatikana, na kura ya tatu

Faida ya taabu yote hii ina jina viwandani: mkataba wa hali bora. Ni makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, nakala yake ikipelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Sheria tayari inatoa kiwango cha chini: saa 45 kwa wiki, mara moja na nusu ya malipo kwa saa za ziada, nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi hadi miaka 10. Mkataba unapanda juu ya hapo. Usafiri wa shifti ya usiku kutoka kiwandani hadi Kiluvya. Chakula. Sanda, jeneza na gari mfanyakazi akifiwa. Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka badala ya kungoja tangazo la serikali, ambalo kwa viwanda lilitoka mwaka 2013 kwa Sh 115,000 na halikubadilika hadi Januari 2023.

Mkataba huo unamfunga kila aliye ndani ya kundi, mwanachama na asiye mwanachama. Ndiyo maana sheria inaruhusu chama chenye wingi kukubaliana na mwajiri kwamba wasiojiunga nao wakatwe ada ya uwakala. Haitazidi ya wanachama, inawekwa kwenye akaunti yake, na haitumiki kwa siasa. Wasiojiunga huilalamikia sana. Wanachama hujibu kwamba aliyekula pilau achangie kuni.

Majadiliano yakikwama kwenye maslahi, kwa mfano nyongeza ya mshahara, ndipo inakuja kura ya tatu. Mgogoro unapelekwa CMA na kupewa siku 30 za usuluhishi. Zikiisha bila suluhu, chama kinaweza kuitisha mgomo, lakini kwanza kiwapigishe kura wanachama wake kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga waseme ndiyo. Kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Migomo mingi inayosikika kwenye redio haikupita njia hiyo. Watu wanazima mashine asubuhi, wanakaa getini, mkuu wa wilaya anakuja jioni. Mgomo wa namna hiyo hauna kinga ya sheria, na mwajiri anaweza kumchukulia hatua za nidhamu kila aliyeshiriki.

Kwa anayesoma haya akiwa kwenye gari la kwenda kazini, Kibaha au Kisarawe, hatua ya kwanza ni kuitoa hati ya mshahara wa mwezi uliopita na kutafuta mstari wa makato ya chama. Ukiwepo, uliza ni chama gani na tawi lina wawakilishi wangapi. Kama haupo na unautaka, fomu ya TUF 6 inapatikana kwa katibu wa tawi au ofisi ya chama ya mkoa. Ukiachishwa kazi na kuona hukutendewa haki, CMA iko Kibaha na fomu yake inaitwa CMA F1. Muda wa kuipeleka ni siku 30 tangu kuachishwa, na siku 60 kwa migogoro mingine. Kuanzia siku ya 31, aliyeachishwa anatakiwa kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze alikuwa wapi.